Chumvi ya Gongoni na mpangilio wa elektroni katika atomu

Huko Gongoni na Marereni, kaskazini mwa mji wa Malindi, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana na kuachwa yakauke kwa jua hadi ibaki chumvi. Chumvi hiyo ni muungano wa sodiamu, metali laini inayoweza kushika moto ikitiwa majini, na klorini, gesi yenye sumu. Kwamba viwili hivyo vikiungana huzaa kitu tunachokitia mchuzini ni jambo la ajabu kweli, na maelezo yake yamo katika mpangilio wa elektroni.

Elektroni, chembe ndogo zenye chaji hasi, hukaa nje ya kiini cha atomu, katika matabaka yaitwayo maganda. Ganda la kwanza huchukua elektroni 2, la pili 8, la tatu 18 na la nne 32. Sodiamu, yenye elektroni 11, hupangwa 2, 8, 1. Klorini, yenye 17, hupangwa 2, 8, 7. Ile elektroni moja ya nje ya sodiamu hushikwa kwa ulegevu, ilhali klorini imepungukiwa na moja tu ili zile za nje zitimie 8, idadi iliyo tulivu hata kabla ganda la tatu halijajaa, kwa hiyo huhama kutoka huku kwenda kule, na atomu hizo, ambazo sasa zina chaji zinazopingana, huvutana zikawa chumvi.

Wanafunzi wetu hukwama wafikapo kwenye potasiamu, yenye elektroni 19, nami naamini kosa ni letu sisi walimu tunaowakaririsha idadi bila kuwapa sababu. Ikiwa ganda la tatu huchukua 18, mbona potasiamu hupangwa 2, 8, 8, 1 badala ya 2, 8, 9? Sababu ni kwamba elektroni hutafuta mahali penye nishati ndogo kabisa, na ganda la tatu limegawanyika katika sehemu tatu, za elektroni 2, 6 na 10. Sehemu hiyo ya mwisho huhitaji nishati kubwa kuliko mwanzo wa ganda la nne, ndiyo maana elektroni ya 19, na ile ya 20 ya kalisiamu iliyomo katika chokaa ya nyumba zetu za kale, hutangulia kuingia ganda la nne. Ni kuanzia skandiamu, yenye elektroni 21, ndipo ganda la tatu huendelea kujazwa.

Niels Bohr wa Denmark alipoeleza atomu ya hidrojeni mwaka 1913, aliichora elektroni ikizunguka kiini kwenye njia maalumu. Leo twajua kwamba njia hizo hazipo, lakini ngazi za nishati alizozitaja zipo, na ushahidi wake waonekana hata jikoni: chumvi ikimwagika motoni, ndimi za moto hugeuka manjano. Joto huipandisha elektroni ya nje ya sodiamu hadi ngazi ya juu, nayo ikirudi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589. Rangi hiyo ni moja, chumvi iwe ya Marereni au ya kwingineko, kwa kuwa tofauti ya nishati kati ya ngazi hizo mbili ni ileile katika kila atomu ya sodiamu.