Mwanafunzi wa Famasia Akija Kitandani Kwako, Mwonyeshe Dawa Zako Zote

Kila kundi jipya la wanafunzi wa mwaka wa nne wa famasia linapoingia wodini, sanduku la maoni la hospitali yetu hujaa ndani ya wiki mbili. Malalamiko hayabadiliki. "Tunaulizwa maswali yaleyale mara tatu." "Kijana ambaye si daktari anataka kuona mkoba wangu wa dawa." "Mwanangu amefanywa somo." Msimu huu yameongezeka, na uongozi umetuomba watu wa idara ya famasia tutoe ufafanuzi. Mimi ndiye ninayewasimamia vijana hawa. Najua wengi wanaoandika karatasi zile hawana nia mbaya. Wamelala kwenye benchi usiku kucha, mgonjwa wao hajapata nafuu, halafu anatokea mtu mwenye koti jeupe na daftari anaanza kuuliza upya. Hakuna aliyewaeleza ni nani, na hilo ni kosa letu.

Shahada ya kwanza ya famasia hapa Tanzania husomwa kwa miaka 4. Mwanafunzi anayefika kitandani yuko katika mwaka wa mwisho. Akihitimu atafanya utarajali wa mwaka 1 chini ya mfamasia aliyesajiliwa, ndipo atakapoomba usajili wa Baraza la Famasi. Maana yake ni kwamba leo hana leseni, na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 haimruhusu mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya mfamasia kwa kujitegemea. Kila anachokifanya wodini anakifanya chini ya msimamizi, na anachokiandika hakina nguvu mpaka msimamizi akisome na kutia saini.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: mfamasia si kazi yake dirishani? Anafuata nini kwenye vitanda? Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, wafamasia walihamishiwa ghorofa ya tisa wakafanye kazi pamoja na madaktari na wauguzi wodini, karibu na mgonjwa. Jaribio lile ndilo mojawapo ya mizizi ya famasia ya kitabibu inayofundishwa duniani leo. Kwetu mafunzo ya shahada ya famasia yalianza Muhimbili mwaka 1974. Dirishani mfamasia huona karatasi ya dawa tu. Haoni uzito wa mgonjwa, haoni majibu ya figo, wala haoni kilichofichwa chini ya mto.

Siku ya mwanafunzi huanza saa 1:30 asubuhi. Anasoma faili: umri, uzito, mzio, majibu ya maabara, chati ya dawa. Anaangalia kama dozi ya saa 12 alfajiri ilitolewa kweli au kisanduku chake kiko tupu. Halafu anakuja kwako kabla ya raundi ya madaktari. Anauliza tena kwa sababu anatafuta kitu kingine. Daktari aliuliza ili ajue ugonjwa. Huyu anauliza ili ajue ni dawa gani tayari imo mwilini mwako. Majibu ya maswali hayo mawili mara nyingi hayafanani, hata yakitoka kinywani mwa mtu yuleyule.

Nitatoa mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Bibi mmoja alilazwa akiwa amevimba miguu na mkojo umepungua. Faili lilionyesha dawa mbili za presha: losartani, na nyingine ya kupunguza maji mwilini. Daktari alimuuliza dawa anazotumia, sista akamuuliza, jibu likawa ni hizo mbili. Mwanafunzi wetu akamwamkia, akavuta stuli, akakaa. Hakuuliza habari ya dawa. Aliuliza, "Bibi, magoti yanakusumbua?"

"Mno, mjukuu wangu."

"Yakikaza sana unajituliza na nini?"

Bibi akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Ikatoka pakiti iliyokunjika, imebaki na vidonge vitatu vya diklofenaki vya duka la mtaani kwake. Alikuwa akimeza viwili asubuhi na viwili jioni tangu wakati wa palizi. "Hii sikuitaja kwa kuwa si dawa," akasema. "Ni ya kutuliza tu."

Sentensi hiyo naisikia karibu kila wiki, na kusema kweli inaniumiza. Figo huchuja damu kwa presha. Kila kichujio chake kina mshipa mdogo wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Diklofenaki hubana ule wa kuingiza. Losartani hulegeza ule wa kutoa. Dawa ya kupunguza maji hupunguza ujazo wa damu yenyewe. Zikikutana zote tatu, hasa kwa mtu mzima wa umri ule, presha ya kuchuja huanguka na figo zinalegea. Mwanafunzi aliandika mistari mitatu kwenye fomu yetu, nikaenda mwenyewe kuthibitisha kwa bibi, nikasaini, tukamweleza daktari kwenye raundi. Daktari ndiye aliyeamua kusimamisha vidonge vile na kubadilisha mengine. Kreatinini yake, yaani taka ya damu ambayo figo zikichoka hupanda, ilianza kushuka siku chache baadaye.

Kwa hiyo naomba tuelewane kuhusu neno dawa. Ukiulizwa unatumia dawa gani, taja kila unachomeza, unachopaka, unachodunga, unachoweka machoni na unachonusa. Kidonge cha uzazi wa mpango ni dawa. Vidonge vya kuongeza damu ni dawa. Mizizi iliyochemshwa na shangazi ni dawa, na hatukuulizi ili tukugombeze. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, akaimeza pamoja na vidonge vya madini ya chuma, au pamoja na dawa ya kiungulia, sehemu kubwa ya dawa yake ya virusi inaweza isifyonzwe na mwili. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda akajinunulia Flagyl kwa ajili ya tumbo, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi mpaka akavuja. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini pamoja na dolutegraviri kwa kawaida huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa kuwa rifampisini hulifanya ini liimalize upesi. Hatuwezi kupanga hayo kwa kubahatisha.

Na kwenu akina baba. Dawa za nguvu za kiume mnazonunua kimyakimya nazo tunazihitaji kwenye orodha. Mtu aliyemeza sildenafili, akifika na maumivu ya kifua na kupewa dawa ya moyo ya kundi la naitreti, presha yake inaweza kuporomoka hata akafa. Kama kuna mkwe au mtoto karibu, mwambie mwanafunzi avute pazia au umwandikie. Ameshafundishwa kusubiri.

Upande wa watoto, lalamiko kubwa ni kupimwa uzito mara mbili. Chukua mtoto wa kilo 8. Parasetamoli kwa hesabu ya miligramu 15 kwa kila kilo ni miligramu 120, yaani mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Sasa mtu aliyechoka, saa 9 usiku, akaandika 18 mahali pa 8. Dozi inaruka hadi miligramu 270, na kila dawa nyingine ya mtoto huyo itapigiwa hesabu kwa uzito ule wa uongo, zikiwemo zile za sindano ambazo ni hatari zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi akiona namba haifanani na mtoto aliyeko mbele yake, lazima aseme, "Mama, naomba tumpime tena." Mpe mtoto. Ni dakika mbili.

Sasa niseme mipaka yao, kwa kuwa hapa ndipo uvumi ulipo mwingi. Mwanafunzi wa famasia haruhusiwi kukuandikia dawa, kukubadilishia dozi, kukusimamishia dawa, wala kukudunga sindano. Haruhusiwi kushika ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa, morfini ikiwemo. Kabati lile lina kufuli mbili na rejista yake, na kila kiasi kinachotoka huandikwa na kusainiwa na watumishi wawili walioajiriwa. Mwanafunzi anaweza kushuhudia, basi. Haruhusiwi kukuuzia dawa wala kukuelekeza duka fulani. Akifanya hivyo, wala usibishane naye, lete jina lake.

Kabla hajakanyaga wodi, lazima awe na barua ya chuo, kitambulisho chenye picha, uthibitisho wa chanjo ya homa ya ini aina ya B, na fomu ya kiapo cha siri aliyoisaini mbele yetu. Ana kitabu cha kumbukumbu ambacho kila ukurasa husainiwa siku hiyohiyo. Ukurasa usiosainiwa ndani ya siku hiyo tunauhesabu kuwa utoro, hata kama alikuwepo, na siku ya utoro hulipwa kwa siku kamili mwishoni mwa zamu yake ya mafunzo wodini. Akichelewa mara tatu tunaandika onyo. Onyo la pili linakwenda chuoni. La tatu linamwondoa wodini, na zamu hiyo anairudia upya na kundi linalofuata. Wazazi wanaonipigia simu kuomba kijana wao ahamishiwe wodi nyepesi au asainiwe siku alizokuwa harusini, nawasihi waache. Mnaniomba nisaini kwamba mtu amejifunza kitu ambacho hajajifunza, na siku moja atakuwa ndiye anayehakiki dozi ya mgonjwa wenu.

Adhabu kubwa kuliko zote tumeiweka kwenye siri ya mgonjwa. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa kituo kingine, mwanafunzi alipiga picha chati ya dawa aombe msaada kwa wenzake, akaiweka kwenye kundi la WhatsApp. Jina la mgonjwa lilikuwa linasomeka juu kabisa. Kabla ya jua kuzama, jirani wa mgonjwa alikuwa anajua anatumia dawa gani. Nilikaa na yule mama akilia na sikuwa na la kumwambia. Tangu hapo simu za wanafunzi ninaowasimamia hubaki kwenye droo ya ofisi wakati wa raundi. Siku hizi ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Mwanafunzi anayevujisha siri anarudishwa chuoni siku hiyohiyo kwa hatua za nidhamu, na sheria inaweza kumfuata yeye binafsi.

Na haki yako ya kukataa ipo. Ukisema "leo sitaki mwanafunzi", tiba yako haipungui hata kidogo, na hutakiwi kutoa sababu. Mfamasia aliyeajiriwa atakuja mwenyewe, ingawa pengine utamsubiri, maana tuko wachache na vitanda ni vingi. Ukikataa kwa sababu umechoka, nakuelewa kabisa. Ukikataa ili kuficha vidonge vya dukani, hapo sikuelewi. Mwili ni wako, na vidonge hivyo havitajificha kwenye figo.

Kitu kingine. Ukipata vipele, kuvimba midomo, kizunguzungu au lolote geni baada ya dawa, mwambie huyohuyo mwanafunzi. Atajaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na msimamizi wake. Msiseme mtavumilia mpaka daktari apite kesho.

Mnapokuja kulazwa, au kumleta mgonjwa, njooni na dawa zenyewe zikiwa kwenye pakiti zake. "Ile nyeupe ya duara" haitusaidii, dawa nyeupe za duara zimejaa kabatini. Za maji njooni na chupa. Insulini msiiache kwenye gari juani. Zile zilizoisha, leteni hata ganda.

Mwenye lalamiko aandike tarehe, wodi na jina lililo kwenye kitambulisho cha mwanafunzi, alete ofisi ya famasia iliyo nyuma ya dirisha la dawa la wagonjwa wa nje, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Asiyejua kuandika aje aseme, tutaandika sisi, tutamsomea, kisha ataweka dole gumba.