Lupasi ya ngozi ni nini?

Lupasi ya ngozi hutokea kinga ya mwili inapoigeukia ngozi ya mwenyewe na kuishambulia. Haiambukizi, kwa hiyo kushea taulo au kitanda na mgonjwa hakuna shida.

Iko aina ya ghafla, inayotanda mashavuni na juu ya pua. Iko ya mabaka ya duara kifuani na mikononi, ambayo mara nyingine huchochewa na dawa, hata terbinafini tunayomeza kuua fangasi. Ila inayoharibu sura zaidi ni ya diskoidi: mabaka magumu yenye magamba usoni, kichwani na ndani ya kikombe cha sikio. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Ukingo huwa mweusi au wa zambarau, katikati panapauka, na nywele zikishang'oka kwenye kovu hazioti tena.

Ndiyo maana kuchelewa kunaumiza. Mtu huambiwa ana mapunye, anapaka dawa ya fangasi miezi kadhaa, kisha anahamia krimu za dukani zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), zinazofifisha baka bila mtu kujua anatibu nini. Baka lisilosikia dawa ya fangasi lionwe na daktari wa ngozi. Atapiga ganzi, akate kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara. Damu na mkojo navyo hupimwa, maana lupasi inaweza kufika kwenye figo. Kipimo cha damu kikitoka safi, diskoidi bado inawezekana. Wengi wenye diskoidi pekee damu yao haionyeshi kitu.

Matibabu huanza na jua: kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, kama wanayotumia watu wenye ualbino. Sigara iachwe, kwa kuwa huchochea ugonjwa na wanaovuta mara nyingi hawapati nafuu nzuri kwa dawa. Kwenye mabaka hupakwa steroidi kwa muda aliopanga daktari, hasa usoni, ambako ngozi hukonda haraka. Yakiwa mengi, huongezwa vidonge vya haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini ya malaria wanayoikumbuka wazee. Dozi hupimwa kwa uzito, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na nafuu huchukua wiki kadhaa hata miezi. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, kwa sababu dawa hii ikitumika muda mrefu inaweza kudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.