Mvua ya tindikali inaanza na wadogo

Watu wengi wakisikia mvua ya tindikali wanawaza mvua ya kubabua ngozi, ukinyeshewa tu umeungua. Hapana jamani. Hata mvua safi ina utindikali kidogo, pH yake (kipimo cha utindikali, namba ikishuka ndo asidi imezidi) kama 5.6 hivi, ile chafu inashuka mpaka 4 na kitu na bado ngozi yako haitasikia chochote. Mimi kazi yangu ni ikolojia ya maji baridi, yaani viumbe wa maziwa na mito, na balaa ninalolijua liko ziwani na kwenye udongo, tena linakuja taratibu mno, mtu anaweza kuvua hapo kila wiki na asishtuke.

Chanzo ni moshi wa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, viwanda vya kuyeyusha madini, magari pia. Salfa dayoksaidi na oksidi za nitrojeni zinapanda, zinakutana na maji huko juu zinageuka asidi, halafu upepo unazibeba mamia ya kilomita, ndo maana maziwa ya Norway na Sweden yaliharibiwa na moshi wa Uingereza na Ujerumani.

Sasa nikitaka mtu anielewe namwambia habari za Ziwa 223, kaziwa kadogo huko Ontario, Kanada, halina hata jina, lina namba tu. Mwaka 1976 mwanasayansi David Schindler na wenzake walianza kulimwagia asidi ya salfuriki makusudi, kama jaribio, kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, pH ikatoka juu ya 6.5 ikashuka mpaka karibu 5. Kila mtu macho yake yalikuwa kwa trauti, samaki mkubwa wa pale. Lakini pH ilipokaribia 5.9 tu, trauti wakiwa bado wanadunda, uduvi wa ziwani wakaporomoka na visamaki vidogo, wa saizi ya dagaa, vikashindwa kuzaa. Yaani chakula cha trauti kikaondoka kwanza. Miaka michache baadaye trauti waliovuliwa walikuwa kichwa kikubwa, mwili mwembamba kama mkanda, tumbo limeingia ndani. Njaa hiyo! Na watoto wapya hakuna.

Mimi picha za wale samaki zinaniuma mpaka leo, ndo maana nikifika kwenye ziwa lolote naulizia wadudu na uduvi kabla ya samaki.

Udongo nao una yake. Asidi ikipita inasomba kalsiamu na kuachia alumini, alumini inaingia mtoni inaganda kwenye mashavu ya samaki anashindwa kupumua, na miti huko juu inabaki na njaa ya kalsiamu. Marekani walibana sheria ya hewa mwaka 1990 na salfa ya mitambo ya umeme imepungua kwa zaidi ya asilimia 90, kazi nzuri sana hiyo, ila kalsiamu iliyosombwa kwa miongo hairudi kwa sheria, inarudi mwamba ukimeng'enyuka polepole. Kule msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire, mwaka 1999 ilibidi helikopta inyunyize madini ya kalsiamu kwenye bonde moja zima, na miti iitwayo mimepo ya sukari (sugar maple) ya bonde lile ikarudisha afya, wakati ya jirani, ambayo haikunyunyiziwa, iliendelea kudhoofika.