Kurejeshewa pesa si fidia, wala si hisani

Mpwa wangu alinunua raba kwenye ukurasa mmoja wa Instagram, zile kurasa za "bei njoo inbox". Shilingi 85,000, akatuma kwa simu na ya kutolea juu yake, boda naye akachukua 5,000 kuzifikisha Mbagala. Kufungua boksi, gundi imemwagika pembeni ya soli kama uji, na jina la kampuni kwenye ulimi wa kiatu limepungua herufi moja. Akamwandikia muuzaji. Jibu likaja baada ya siku mbili: "Mpendwa, sisi huwa hatulipi fidia, ila kwa kuwa ni mteja wetu nitakusaidia tu kwa hiari yangu nikubadilishie."

Akaniletea simu niisome. "Mjomba, sasa hiyo fidia yangu nimdaije?"

Hizo raba zingekuwa zangu ningekasirika kwa sababu ya pesa. Kwa kuwa si zangu, nilikasirikia maneno. Fidia, hiari, kubadilishiwa: matatu katika ujumbe mmoja, na hakuna hata moja lililokaa mahali pake. Na si yule muuzaji peke yake. Nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwenye daladala, na sasa yameingia nyumbani.

Maana yenyewe ni fupi. Kurejeshewa pesa ni mauzo kufutwa. Bidhaa inarudi kwa aliyeiuza, bei inarudi kwa aliyeilipa, na kila mtu anasimama pale alipokuwa kabla hamjauziana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ya Kenya, Sura ya 31, zote zimetokana na sheria ya Waingereza ya 1893, na zote zinasema kitu kikiuzwa kwa maelezo ni sharti kilingane na maelezo hayo. Mtandaoni unachonunua ni maelezo na picha tu, hujashika kitu. Kisipolingana, una haki ya kukikataa na kudai bei yako. Ila ukatae mapema: ukishavaa raba miezi mitatu kimya kimya, utahesabiwa umezikubali.

Sasa fidia. Neno limetoka Uarabuni, na huko asili yake ni kitu kinachotolewa kumkomboa mtu, mateka kwa mfano. Kiswahili hakijaliacha mbali. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hulisha maskini, na hiyo inaitwa fidia: saumu yenyewe haiwezi kurudi, kwa hiyo kinatolewa kitu kingine mahali pake. Wakristo wanasoma katika Injili ya Mathayo habari ya nafsi iliyotolewa "iwe fidia ya wengi". Kote huko maana ni moja. Fidia ni badala ya kitu kisichoweza kurudi chenyewe.

Zile 85,000 zinaweza kurudi zenyewe. Hazihitaji badala. Fidia inaanzia pale ambapo kuna kitu kingine kimeharibika au kimepotea: chaja bandia imekuunguzia simu, kipodozi kimekubabua uso, siku ya kibarua imeishia kumfuata muuzaji Kariakoo ambaye duka lake, ukifika, ni ngazi tu ya ghorofa. Hivyo navyo unaweza kuvidai, tena pamoja na bei, lakini itabidi uthibitishe umeumia kiasi gani. Bei haina mjadala wa namna hiyo. Iko kwenye meseji ya muamala, imeandikwa hadi sumni. Ndiyo maana wauzaji wanalipenda sana neno fidia. Ukilitamka wewe, umemsaidia kuigeuza hesabu kuwa mapatano.

La kubadilishiwa linahitaji kwanza tukae na neno bandia lenyewe. Wengi wanalitumia kana kwamba ni mbovu. Siyo. Mtoto wa bandia, yule wa vitambaa anayebebwa mgongoni na wasichana wadogo, si mtoto mgonjwa. Si mtoto. Unaweza kumshona vizuri, macho ya vifungo, nywele za sufi, akapendeza kuliko watoto wote mtaani. Bado hutampeleka kliniki kupimwa uzito. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, walipozima simu bandia Tanzania, nyingi katika zile zilizozimwa zilikuwa zinapiga na kupokea bila shida, na spika zake zilisikika nyumba ya tatu. Hazikuzimwa kwa ubovu. Kwa hiyo "mbona zinavalika?" si jibu. Hakuna aliyesema hazivaliki.

Hata ofisi zimegawana kazi kwa msingi huo huo. Bidhaa hafifu, yaani iliyotengenezwa na mwenye jina lake lakini haifiki kiwango, ni kazi ya Shirika la Viwango, TBS. Bidhaa bandia, inayovaa jina la mwingine, ni ya Tume ya Ushindani, FCC, wenye kusimamia ile Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Na wakiikamata na kuiteketeza, hiyo ni adhabu kwa muuzaji. Pesa yako haitoki kwenye ule moto, utaidai kwa njia yake.

Mtoto mgonjwa ana dawa: matengenezo, garantii, kubadilishiwa. Mtoto wa bandia hana. Anayekubadilishia raba bandia anatia mkono kwenye gunia lile lile.

Lakini lililoniuma zaidi ni "kwa hiari yangu".

Hiari ni khiyari ya Kiarabu, na katika fiqhi ya biashara, yaani sheria za Kiislamu za mauzo, ile iliyofundishwa Lamu, Mombasa na Unguja kabla Mwingereza hajaleta sheria yake, hiari ni haki ya kuchagua baina ya kuyapitisha mauzo au kuyavunja. Ziko za aina nyingi, na mojawapo inaitwa khiyari ya aibu. Soma tena: aibu. Kwa Kiarabu neno hilo ni kasoro, dosari ya kitu. Ng'ombe kilema ana aibu, kitambaa chenye tundu kina aibu. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo tangu kabla hajanunua na hakuambiwa, hiari ni yake: akipenda anabaki nacho, akipenda anakirudisha na kuchukua bei yake. Imepokewa kwamba Mtume alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa. Akaulizwa mbona hakuiweka ile mbichi juu watu wakaiona. Tena hapo hapo, katika kauli ya Mtume kwamba anayeghushi si katika watu wake, linatoka neno jingine tunalolitumia kila siku mahakamani, kughushi.

Tazama basi safari ya maneno hayo mawili hadi kufika Instagram. Aibu ilikuwa ya bidhaa, ikahamia kwa watu. Leo anayeona aibu ni mnunuzi, hata kulalamika anaogopa ataonekana mshamba aliyeuziwa feki. Hiari ilikuwa ya mnunuzi, muuzaji akaitwaa, na sasa anamgawia mwenyewe vijiko vijiko kama dawa ya kikohozi. "Nitakusaidia kwa hiari yangu." Hana hiari yoyote hapo. Aliyekuwa nayo ni mtoto wa dada yangu.

Vile vibao vya "mali ikishauzwa hairudishwi" navyo ni vya mtu aliyebadili mawazo nyumbani, rangi haikumpendeza mumewe. Kwa bidhaa bandia, mali unayoizungumzia hata haijauzwa, umeuziwa nyingine.

Pembeni kidogo, maana najua kuna atakayeuliza: kwa nini nisiseme tu "marejesho"? Kwa sababu kwa mtaa wangu marejesho ni ile hela ya Jumatatu ya mkopo wa kausha damu, na ukimwambia mama ntilie unasubiri marejesho atakupa pole. Sema kurejeshewa. Zile herufi za -ewa mwishoni zinaonyesha nani anapokea.

Na si rivasi. Rivasi ya mtandao wa simu ni ya pesa iliyokosea njia: ulikusudia namba hii, ukabonyeza ile. Kenya, kwa M-Pesa, unapeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 na wao wanaangalia. Mpwa wangu hakukosea namba. Alituma kwa mtu yule yule aliyemkusudia, jina likatokea, akathibitisha kwa namba ya siri. Mtandao ukimwambia muamala ni halali, hawajamdharau. Wamejibu swali walilokuwa wameulizwa. Wanaolipa kwa kadi wana njia ya tatu, kuyapinga malipo kupitia benki. Visa wana kifungu cha peke yake kwa bidhaa bandia, 13.4, na muda kwa kawaida ni siku 120. Watataka neno la anayejua, mwenye alama ya biashara kwa mfano, au forodha, au mtaalamu asiye na upande. Hapo hata kurudisha mzigo hulazimiki, na ni busara, maana ukiurudisha keshokutwa utapostiwa tena na picha ile ile.

Tukakaa na mpwa wangu barazani tukaandika upya ujumbe wake. Alikuwa ameanza na "Naomba kama inawezekana unilipe fidia kidogo". Nikafuta naomba, nikafuta kama inawezekana, fidia nikaihamishia chini. Ikawa hivi: "Kaka, habari. Raba ulizoniletea Alhamisi si zile ulizotangaza, ni bandia, picha nimekutumia. Nimezikataa, sitaki kubadilishiwa. Nirejeshee shilingi 85,000 niliyokulipa. Raba zipo, hazijavaliwa, njoo uzichukue."

"Na elfu tano ya boda, mjomba?"

Hiyo, nikamwambia, ndiyo fidia. Akaiandika mstari wa mwisho, peke yake, na ya kutolea.