Harusi nyumbani kwa wazazi: dhana potofu na ukweli wake

Kuanzia Nakuru hadi Busia, familia nyingi huamua kufanyia harusi bomani badala ya kukodi bustani ya hoteli. Ni uamuzi mzuri na tunauunga mkono. Nyanya hasafirishwi, majirani waliomlea bi harusi wanahudhuria, na miti ya kivuli ipo tayari. Shida huanzia kwenye imani kwamba nyumbani pana kila kitu. Hoteli inakupa bustani pamoja na vyoo, maji, umeme, maegesho na wahudumu. Nyumbani vyote hivyo utavileta wewe, vitumike siku moja, kisha uviondoe.

"Nyumbani ni bei rahisi kwa sababu ukumbi ni bure."

Kabla kamati haijakubaliana na hilo, iandike kila kitakachokodiwa: tenti, viti, meza, vyoo, jenereta, tangi la maji, walinzi wa usiku, watu wa kuosha vyombo, na gari la kubeba mizigo hiyo kuja na kurudi. Boma lenye kisima na vyoo viwili vya nje linaokoa pesa kweli. Lile ambalo kila kitu ni cha kukodi linaweza kugharimu sawa na hoteli, na kazi yote ikabaki kwa familia.

"Uwanja wetu ni mkubwa, watu wataenea."

Chukua futi kamba upime, usikadirie kwa macho. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban mita za mraba 465, na nyumba pamoja na jikoni na tangi huenda vimekula nusu. Mgeni kwenye kiti cha safu anahitaji kama mita ya mraba 0.7. Akiketi kwenye meza ya duara, mhesabie 1.5. Hivyo wageni 150 wa meza za duara wanataka mita 225 kabla hujaweka meza kuu, foleni ya chakula na mahali pa kucheza. Ploti hiyo ni ya wageni 100 wa viti vya safu, basi.

Magari ndiyo husahaulika. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuza, linataka kama mita 25 za mraba, kwa hiyo magari 40 yanajaza robo ekari. Omba shamba la jirani lililovunwa, na ulikague baada ya mvua. Katika nyanda za Kano, udongo mweusi ukilowa hata pikapu hukwama. Huko waombe wageni waache magari kando ya lami, kisha matatu moja iwasombe.

"Tukichagua Desemba, mvua haitatusumbua."

Desemba hadi Februari kuna mvua kidogo kuliko Machi hadi Mei, lakini kidogo si kutokuwepo. Kakamega na Kisii hupata mvua karibu kila mwezi. Kinachosaidia kuliko kuchagua mwezi ni kuchagua saa. Jua hupasha nchi kavu tangu asubuhi, hewa yenye unyevu wa ziwa huvuma kuelekea bara na kupanda, na mawingu hukomaa alasiri. Ndiyo maana ngurumo za Kisumu na vilima vya jirani husikika sana kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Basi viapo viwe saa nne asubuhi, chakula saa saba kamili, keki kabla ya saa tisa. Ratiba inayoanza saa nane inaipeleka hotuba ya baba mzazi katikati ya radi.

Tenti nayo ifungwe kwa ajili ya upepo, si mvua tu. Upepo wa ziwani unaweza kuinua tenti ambayo kamba zake zimefungwa kwenye miguu ya viti au shina la mpapai. Kila kamba iwe na kigingi chake, kipigwe kikiwa kimeinama kuelekea nje, mbali na tenti, na sehemu kubwa yake iwe ardhini. Udongo uliolowa hauwezi kushika kigingi kifupi, kwa hiyo agiza virefu. Kisha tazama paa: likilegea hata mahali pamoja, maji hukusanyika pale kama karai, na uzito huo ndio unaovunja mlingoti. Kaza turubai, halafu chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 upande wa juu wa mteremko, uyapeleke maji mbali na viti.

Radi ikianza, wageni wasikimbilie chini ya mti mkubwa, na tenti pia si kinga. Waingie nyumbani au kwenye magari yaliyofungwa. Fundi wa muziki azime mitambo mara moja.

Jambo dogo ambalo wapambaji husahau: baada ya saa nane jua linatoka magharibi. Upande huo wa tenti ushushwe pazia, au viti viupe mgongo.

"Tenti na viti havikosekani."

Wikendi havipatikani kirahisi. Magharibi mwa Kenya, Ijumaa na Jumamosi ni siku za mazishi, na tenti, viti, spika na wapishi wa matanga ndio hao hao wa harusi. Msiba haupangiwi miezi miwili mbele, na mwenye tenti atavutwa pande zote mbili. Lipa arbuni mapema, andikianeni idadi na saa ya kufikisha, na mzigo ufike siku moja kabla. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma huwa katika tohara ya Wabukusu, na vifaa huadimika zaidi. Jamii za Waadventista hufanya harusi Jumapili, kwa hiyo hata siku hiyo usiihesabu kuwa tupu.

Kuna jambo zito kuliko vifaa. Jirani akifiwa wiki ya harusi, nenda mwenyewe ukawaone wafiwa kabla hujawasha spika. Pengine muziki utapunguzwa, pengine utaondolewa kabisa. Kamati ijadili hili mapema, na mshereheshaji awe na ratiba ya pili isiyo na muziki.

"Tumealika 150, tupike ya 150."

Lango la boma halifungwi, na hatutaki lifungwe. Ongeza robo ya chakula kwa ajili ya majirani na watoto, na ile ya ziada iwe vyakula vya bei nafuu kama wali na maharagwe. Kwa watu 100 wanaokula vyakula mchanganyiko, kilo 10 hadi 12 za mchele zinatosha, na nyama yenye mifupa kama kilo 20. Mbuzi mwenye uzito wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama ya kilo 14 au 15 hivi, pamoja na mifupa, kwa hiyo mmoja hatoshi. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa chapati 20 hadi 24. Kwa Waluhya kuku ana heshima yake: amua mapema sahani zipi ni za wazee na wakwe, na mtu mmoja apewe jukumu la kuzilinda.

Kosa la hatari ni kupika wali alfajiri, kuufunika, kisha kuupakua saa nane. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huchipuka na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Pika kwa awamu: sufuria ya kwanza iive saa sita na nusu, ya pili saa saba na nusu. Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60, kwenye makaa au hotpoti. Kikipoa, kisizidi saa 2 mezani, au saa 1 tu joto la mchana likipita nyuzi 32. Samaki akaangwe mwisho kabisa.

"Choo cha nyumbani kitatosha."

Kwa familia, ndiyo. Kwa wageni, hesabu choo kimoja kwa watu 50 kwa sherehe inayodumu saa nne, na kimoja kisicho na ngazi ndefu kwa wazee. Tangi la maji taka lililokaribia kujaa linyonywe wiki moja kabla. Kila choo kiwe na dumu la maji lenye koki, sabuni, na mtu wa kukisafisha.

"Umeme upo."

Soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100, na birika moja la umeme linakula zaidi ya 2,000. Muziki uwe na laini yake, jikoni yake. Waya wa ekstenshoni uliozungushwa kwenye gurudumu lake huhifadhi joto hadi plastiki ikayeyuka, kwa hiyo ukunjue wote. Jenereta ya kVA 5 hutoa kama kilowati 4. Iwekwe mita 10 au zaidi kutoka kwenye tenti, upande ambao upepo unapeleka moshi nje, kamwe si varandani. Mafuta yaongezwe ikiwa imezimwa na kupoa. Kumbuka pia kwamba kwa kanuni za kelele za 2009, saa za usiku katika makazi huanza saa mbili na dakika moja jioni.

"Mchungaji anaweza kufungisha ndoa popote."

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mfungishaji awe na leseni. Ndoa ya kiserikali huhitaji notisi ya siku 21 angalau, na ukitaka ifungiwe nyumbani uombe leseni maalumu kwa msajili kupitia eCitizen. Wakatoliki hufunga ndoa parokiani, na nje ya kanisa ni kwa ruhusa ya askofu, kwa hiyo wengi hufunga ndoa kanisani na kuleta karamu nyumbani. Waliooana kimila nao humjulisha msajili ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika. Chagua mashahidi wawili ambao hawana kazi nyingine siku hiyo, waje na vitambulisho vyao halisi, na meza ya kutia sahihi iwekwe chini ya paa.