Haibridi ya kuchaji au umeme mtupu? Anza na mahali gari linapolala

Kazi yangu ni kukagua na kuwashauri watu wanaoagiza magari ya mtumba kutoka Japan kuja Dar es Salaam. Wanaouliza kuhusu magari ya kuchaji wameongezeka, na karibu wote huanza na swali moja: chaji ikiniishia njiani? Swali la pili ni nani atalinunua siku nikitaka kuliuza. Kuhusu moshi na mazingira, ni nadra mtu kuuliza. Mtu wa hapa ananunua gari huku tayari anamfikiria atakayemuuzia, na ndiyo maana Toyota IST haishuki thamani: spea zake zimejaa Gerezani na kila fundi anaijua.

Kwa hofu hizo mbili, Mitsubishi Outlander PHEV, haibridi ya kuchaji yenye injini ya petroli na pia betri unayoichomeka kwenye umeme, inapendwa haraka. Ilianza kuuzwa Japan Januari 2013, ikiwa na betri ya kWh 12 (kWh moja ndiyo uniti moja ya umeme), mota moja mbele na nyingine nyuma, pamoja na injini ya petroli ya lita 2. Toleo lililofanyiwa maboresho mwaka 2018 lina betri ya kWh 13.8 na injini ya 2.4. Kwa macho ni gari la familia lililoinuka, halina sura ya ajabu, na Desemba unakwenda nalo hadi Moshi, Kilimanjaro, ukijaza mafuta sheli kama kila mtu. Nissan Leaf, ambayo ni ya umeme mtupu, iko chini, na safari hiyo kwa Leaf ni ya kupangwa kituo kwa kituo. Naelewa kabisa kwa nini mnunuzi anaelekea kwenye Outlander. Shida yangu ni kwamba wengi wanainunua kwa sababu ya safari ya Desemba, wakati faida yake yote iko kwenye zile siku za kawaida za kwenda kazini na kurudi.

Tufanye hesabu. Betri yenye afya ya Outlander ya kWh 12 inakupeleka kilomita 35 hadi 40 bila kuwasha injini, yaani takriban Mbezi Beach hadi Posta na kurudi. Kuijaza kunakula kama uniti 11. Anayepata uniti 2.8 kwa elfu moja atatumia karibu shilingi 4,000. SUV ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita, tukiweka lita moja kwa shilingi 3,000, itakula 12,000 kwa safari hiyo hiyo. Ila kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu ndogo, yaani bei nafuu ya Tanesco kwa wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa humo mara moja, maana uniti 11 kila usiku zinapita 300 kwa mwezi. Usipige hesabu kwa bei ya chini utakayoipoteza.

Asiyechaji hapati chochote kati ya hayo. Anabeba betri nzito na kuchoma petroli kuisukuma. Uingereza, ambako Outlander iliuzwa sana, mwaka 2018 iliripotiwa kwamba baadhi ya magari ya namna hii yaliyotolewa na makampuni yalirudishwa nyaya za kuchajia zikiwa bado kwenye mifuko yake. Mafuta yalikuwa yanalipwa na kampuni, sasa nani ahangaike kuchomeka? Mwaka 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa takwimu kwamba haibridi za kuchaji barabarani zilitoa hewa ukaa kama mara 3.5 ya kiwango cha maabara. Gari halikuwa na kosa.

Leaf haina injini ya petroli ya kukuwezesha kukwepa kuchaji, na kwa mtu wa mjini mwenye gari lingine la safari, mimi huipendekeza bila kusita. Lakini ikague betri kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye dashibodi, upande wa kulia, kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, pembeni ya vile vya chaji. Wengi huvichanganya. Kijiti cha kwanza kikizima, betri imeshapoteza karibu asilimia 15. Kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Leaf ya kWh 24 iliyobaki na vijiti 9 usiitegemee kuvuka kilomita 100 ukiwa na kiyoyozi kwenye foleni. Pia kuna wauzaji wanaoresetisha mfumo ili vijiti vyote 12 viwake tena kwa muda, kwa hiyo chomeka kifaa cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari, fungua programu ya LeafSpy kwenye simu na usome asilimia ya afya mwenyewe, kisha uliendeshe gari uone chaji inavyoshuka.

Joto ndilo adui mkubwa hapa. Betri ya Leaf za kizazi cha kwanza na cha pili haipozwi kwa maji. Wenye Leaf wa kwanza huko Phoenix, Marekani, waliona vijiti vikizima mapema, na baadaye Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Betri za mwaka wa modeli 2015 na kuendelea zinavumilia joto vizuri zaidi, na kwa Dar ningelipa zaidi kupata hizo.

Kabla ya kulipia, uliza kama waya wa kuchajia umo, na usome lebo yake. Nyingi za Japan ni za volti 200, lakini zipo za 100, na hizo usithubutu kuzichomeka kwenye volti 230 za Tanesco. Chaja ya kilowati 3 inavuta ampea 13 kwa saa nyingi mfululizo. Soketi ya kawaida inayotumika kwa pasi itapata moto, na ekstensheni itayeyuka. Fundi umeme akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye meinswichi, yenye sakitibreka yake.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuzungumzia modeli, namuuliza mteja gari litalala wapi. Mwenye geti lake na mita yake tunaendelea. Anayeishi nyumba ya kupanga, wapangaji watano mnachangiana mita moja ya LUKU na gari linalala barabarani, namshauri achukue haibridi ya kawaida kama Toyota Aqua, ambayo haichomekwi popote, mpaka atakapopata sehemu yake.