Je, wajua kwa nini Pemba haifanani na Unguja?

Anayetoka Unguja kwa boti, begi mgongoni, akashuka gatini Mkoani, Pemba, jambo la kwanza linalomgutusha ni vilima. Daladala inapanda na kushuka tangu Mkoani hadi Chake Chake: bondeni mpunga, mlimani mikarafuu, kisha bonde jingine na minazi yake. Vilima vyenyewe si virefu, hakuna kinachofika mita 150, lakini havikatiki. Mabaharia wa Kiarabu waliiita Pemba Kisiwa cha Kijani, na ukipita wakati wa masika utawaelewa. Unguja na Pemba zina serikali moja, lugha moja na mila zinazokaribiana sana, na baina yao pana kilomita 50 hivi tu za maji. Mbona basi msafiri anahisi amefika nchi nyingine?

Jibu liko chini ya bahari. Kati ya Unguja na Bagamoyo maji ni ya kina kifupi, sehemu nyingi hayafiki mita 50. Miaka kama 20,000 iliyopita, wakati barafu ilipofunika sehemu kubwa ya dunia ya kaskazini, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa mita 120 hivi. Kwa hiyo Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa sehemu ya bara, na mnyama angeweza kwenda kwa miguu tangu bara hadi palipo na msitu wa Jozani leo. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda, Unguja ikabaki imezungukwa na maji pamoja na wanyama wake.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo wa Pemba, ule unaoitenga na Tanga, una upana wa kilomita 50 hivi na kina kinachopita mita 700. Hata bahari iliposhuka mita 120, mkondo ule haukukauka. Pemba ilitengana na bara mamilioni ya miaka iliyopita na haikurudi kuungana nalo. Nauli yako ya boti inakuonjesha jambo hilo: upepo wa kusi ukivuma, mawimbi ya huko hayana mchezo, na abiria wazoefu hukaa katikati ya boti wakiwa na malimau mkononi.

Ukishalijua hilo, mengi utakayoyaona njiani yanajieleza. Unguja ilikuwa na chui wake, na hadi leo ina kima punju, wale wekundu wa Jozani. Pemba haikuwa na chui, wala kima punju hawakuwako. Wachache walioko msitu wa Ngezi walihamishwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Waliofika Pemba wenyewe, zamani, ni wenye mabawa zaidi, na kwa kukaa peke yao muda mrefu hivyo wakageuka kuwa viumbe wa hapa tu. Kuna aina nne za ndege ambazo haziko penginepo duniani: njiwa wa kijani wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na kindege kidogo cha manjano chenye duara jeupe machoni. Hata mpapindi, mti wa jamii ya minazi unaoota Ngezi, ni wa kisiwa hiki pekee, na ndugu zake wa karibu wako Madagaska na Komoro, si bara.

Lakini wa kumwona kwanza ni popo.

Popo wa Pemba si yule mdogo anayejificha darini. Akinyoosha mabawa, kutoka ncha hadi ncha hufika mita moja na nusu na zaidi. Manyoya yake ni ya hudhurungi yenye wekundu, mabawa meusi, uso kama wa mbweha. Hakai pangoni wala hawindi kwa mwangwi wa sauti. Anatumia macho na pua, na chakula chake ni matunda: maembe, mashelisheli, tini. Ukoo wake umeenea visiwa vya Bahari ya Hindi, Asia ya kusini, Australia hadi Pasifiki, ila bara la Afrika haukai. Kwetu unapatikana visiwani tu: huyu wa Pemba, na jamaa yake mwingine aliyeko Mafia na Komoro. Yaani wewe unayekwea kilima na begi lako kijijini Kidike, unatazama mgeni wa mashariki aliyefika mlango wa Afrika akaishia hapo.

Kidike iko kaskazini ya Chake Chake. Unashuka barabarani, unatembea kupita mashamba na nyumba, na kelele unazisikia kabla hujaona kitu. Mchana hawalali kimya. Mamia wananing'inia kichwa chini kwenye miti mirefu, wanagombania tawi, na jua likiwa kali wanajipepea kwa bawa moja taratibu. Kiingilio kinakusanywa na wanakijiji wenyewe. Lipa bila kubisha, kwa sababu popo hawa walikaribia kwisha.

Kilichowafikisha huko ni karafuu, na karafuu yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kwa kuwa ina mvua nyingi na udongo wenye kina, kitovu cha karafuu kikahamia huku na hakikuondoka tena. Mpaka leo karafuu nyingi ya Zanzibar ni ya Pemba. Msimu ukifika utaona majamvi yameanikwa kila ua, vitumba vya kijani vikigeuka kuwa vyekundu, kisha kahawia, watoto na bibi zao wakivichambua. Harufu yake inaingia hadi ndani ya daladala. Usikanyage jamvi la mtu, wala usipige picha bila kuomba. Ile ni ada ya shule ya mwaka mzima imelala juani.

Ila mkarafuu unataka ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa msitu. Msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi, kule ncha ya kaskazini, kiasi cha hekta 1,440. Popo walipoteza miti ya kulala, na huku wakiwindwa kwa kitoweo. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache wa kutia hofu. Miaka ya 1990 vikaanzishwa vikundi vya vijijini vya kuwalinda, na hesabu za miaka ya 2000 zikaonyesha wamepita 20,000. Naona ni mojawapo ya habari njema kubwa za uhifadhi katika pwani yetu, na haisemwi inavyostahili.

Kuna jambo jingine lililowasaidia kabla ya mradi wowote: makaburi na mizimu. Pemba imejulikana pwani nzima kwa uganga, na wapo wanaokuja kutoka mbali kwa ajili hiyo. Mtalii husimuliwa mambo hayo kwa minong'ono kama vitisho. Mimi namshauri aangalie miti. Penye mava ya zamani au mzimu hapakatwi ovyo, na pana wavyale, wazee wanaopatunza kwa zamu ya ukoo. Shamba linafyekwa, mava yanabaki na mibuyu na miembe yake mikubwa, na popo wanalala hapo.

Baharini ni vivyo hivyo. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, kina mapango ya mawe ya matumbawe ambako watu huweka sadaka. Na kisa chake kinapendwa na wavuvi: Nabii Khidhr alifika akaomba msala wa kusalia, wenyeji hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki kilivyoelekea kibla ndicho msala wangu. Misali ilipofanywa hifadhi mwaka 1998, makatazo ya serikali peke yake hayakutosha. Masheikh walipoeleza kwa Qurani kwamba matumbawe na kasa ni amana, wavuvi wengi walisikiliza. Ukipiga mbizi hapo, ukuta wa matumbawe unateremka ghafla kuingia giza la buluu. Ni ule ule mkondo.

Ukibakiwa na siku, nenda Pujini ukaone magofu ya boma la karne ya 15 linalonasibishwa na Mkama Ndume. Wenyeji watakwambia aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio, na kwamba kisima chake kilikatwa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane.

Kwa Ngezi panda daladala hadi Konde, kisha bodaboda. Jiandikishe kwenye ofisi ya msitu na uombe matembezi ya usiku, maana bundi mdogo wa Pemba hutoka gizani. Huita neno moja tu, "hu", ananyamaza, kisha mwenzake anajibu. Daladala za kurudi huisha mapema, kwa hiyo patana na mwenye bodaboda akusubiri, au tafuta malazi Makangale kabla jua halijatua.